IBM i: mashine inawaka lakini watumiaji hawaingii. Mpangilio wa kuwasha na konsoli ya kutegemewa

mtunza_mitambo aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninasimamia mashine ya Power S914 inayoendesha mfumo wa uendeshaji wa IBM i 7.4 katika kampuni ya usambazaji wa bidhaa jijini Tanga. Wazee wa hapa kazini bado wanaiita AS/400, na mimi sina ugomvi na jina hilo. Mfumo ni mmoja tu ndani ya mashine, hatuna HMC (kompyuta maalumu ya kusimamia mashine), na konsoli yetu, yaani skrini ya msimamizi, ni kompyuta ya mezani yenye programu ya Access Client Solutions iliyounganishwa kwa njia ya mtandao wa ofisi.

Shida inatokea pale umeme unapokatika kwa muda mrefu hadi betri za UPS zikaisha. Umeme ukirudi, mashine hujiwasha yenyewe kwa kuwa thamani ya QPWRRSTIPL, inayoamua kama mashine ijiwashe umeme ukirudi, ni 1. IPL (hatua za kuwaka kwa mfumo) inafika mwisho, msimbo kwenye paneli unatoweka, na nikiipingi anwani ya mashine inajibu vizuri. Hata hivyo, mtumiaji akifungua kipindi cha 5250 (skrini ya maandishi ya kuingilia mfumo) anapata skrini nyeusi isiyo na mahali pa kuandika jina wala nenosiri. Siku nyingine, kwa mtindo uleule wa kuwaka, kila kitu kinakwenda sawa bila mtu kugusa chochote. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu programu ya kuwashia ni ileile na haijabadilishwa tangu mashine ifungwe.

Ninapokimbilia konsoli ili nione kilichokwama, nayo haiunganishi, kwa sababu swichi ya ghorofa ile na kompyuta yenyewe hazina UPS. Mafundi wa zamu wamezoea kuizima mashine kwa kitufe na kuiwasha upya, na mara nyingi inakubali.

Naomba mnisaidie mambo matatu: mpangilio wa kuwasha uandikwe namna gani ili jambo moja likishindikana mengine yaendelee, konsoli iwekwe vipi ili ipatikane saa ile tunayoihitaji, na je, ni busara kuiacha mashine ijiwashe yenyewe umeme unaporudi?

bi_operesheni alijibu:

Ndugu mtunza_mitambo, kabla hujabadilisha chochote, omba wenzako waache kuizima mashine kwa kitufe. Mashine iliyokatwa namna hiyo inahesabu kwamba haikuzimwa kwa utaratibu, thamani ya QABNORMSW inakuwa 1 kwenye IPL inayofuata, na mfumo unalazimika kukagua hifadhidata na pengine kujenga upya njia za kufikia data. Inakubali leo na kesho, lakini faili kubwa la ankara likikutwa katikati ya kuandikwa, IPL hiyo itawaweka mkisubiri kwa saa nyingi.

Sasa tuje kwenye dalili yako, ambayo kwa kweli inaeleza mengi. Anwani inajibu, maana yake TCP/IP imewaka. Skrini ni nyeusi, maana yake huduma ya Telnet imempokea mtumiaji lakini hakuna mfumo mdogo (sehemu ya mfumo inayoendesha kazi za aina fulani) uliokishika kifaa chake ili umwonyeshe skrini ya kuingilia. Kwa mashine nyingi mfumo mdogo huo ni QINTER. Kwa hiyo swali halisi ni kwa nini QINTER haikuanzishwa ilhali TCP/IP ilianza.

Kumbuka mfuatano wake. IPL ikikaribia mwisho, mfumo unaanzisha mfumo mdogo unaotawala, ule uliotajwa kwenye QCTLSBSD, ambao ni QBASE au QCTL. Ukiwa unatumia QCTL, ndani yake inaanza kazi iitwayo QSTRUPJD, inayotumia wasifu wa QPGMR, na kazi hiyo inaita programu iliyotajwa kwenye QSTRUPPGM. Ni programu hiyo inayoanzisha QSPL, QSERVER, QUSRWRK, QINTER, QBATCH na mingine. Ikisimama katikati, vyote vilivyoandikwa chini ya mstari iliposimama havianzi, wakati mfumo mdogo unaotawala uko hai na konsoli ingeweza kutumika.

Tuletee vitu viwili. Cha kwanza ni jibu la DSPIPLA (amri ya kuonyesha sifa za IPL) kwenye kipengele cha kuanzisha TCP/IP. Cha pili ni kumbukumbu ya kazi ya QSTRUPJD kutoka siku iliyokwama. Itafute kwa WRKSPLF ukichagua mtumiaji QPGMR, na kama haipo, tazama DSPLOG (kumbukumbu ya matukio ya mfumo) ya saa ile.

mtunza_mitambo aliandika:

Ahsante sana, Bi Operesheni. DSPIPLA inaonyesha kuwa STRTCP ni *YES. Kwenye DSPLOG ya siku iliyokwama nimekuta swali la CPA0701 lililotumwa QSYSOPR (foleni ya ujumbe ya msimamizi) na kazi ya QSTRUPJD, likieleza kuwa programu yetu imepokea TCP1A04, na likitaka jibu la C, D, I au R. Hakuna aliyelijibu. Sehemu husika ya programu iko hivi:

STRSBS SBSD(QSPL)
MONMSG MSGID(CPF0000)
STRTCP
STRSBS SBSD(QINTER)
MONMSG MSGID(CPF0000)

Nilidhani MONMSG (amri ya kukamata ujumbe wa kosa) ya CPF0000 inakamata kila kosa kwenye programu.

bi_operesheni alijibu:

Hapo ndipo penyewe. MONMSG iliyowekwa namna hiyo inalinda amri iliyo moja kwa moja juu yake tu, na STRTCP yako haina ya kwake. TCP1A04, unaosema kuwa TCP/IP tayari inafanya kazi, unatoka kwenye amri hiyo isiyo na ulinzi, na programu inasimama kumngoja msimamizi ajibu swali lililoko QSYSOPR. Msimamizi hawezi kuingia ili alijibu, kwa sababu amri ya kuanzisha QINTER iko mstari wa chini yake.

Ndiyo maana pia haitokei kila mara. TCP/IP kwako inaanzishwa na wawili: sifa ya IPL, ambayo mfumo wenyewe unaitekeleza, na STRTCP iliyomo kwenye programu yako. Programu ikitangulia, hakuna kosa linaloirudia. Sifa ya IPL ikitangulia, programu inakuta kazi imeshafanyika na inapokea TCP1A04. Nani atatangulia inategemea mashine ina shughuli kiasi gani dakika hiyo, na baada ya kuzimika vibaya huwa na shughuli nyingi za kujirekebisha.

Chagua mmoja. Mimi ninaiacha sifa ya IPL ibaki *YES na kuiondoa STRTCP kwenye programu, kwa sababu sifa hiyo inafanya kazi wakati wa IPL na pia mfumo mdogo unaotawala unapoanzishwa tena kutoka kwenye hali ya kufungiwa (hali ambayo konsoli pekee ndiyo inafanya kazi). Ukiamua kubaki na STRTCP ndani ya programu kwa sababu zako, weka CHGIPLA STRTCP(*NO), na chini yake weka MONMSG MSGID(CPF0000 TCP0000).

Kuhusu mpangilio wenyewe, kanuni ninayoishikilia kwa dhati ni kwamba programu ya kuwashia ifanye machache, na lile litakalowawezesha binadamu kuingia litangulie yote. Weka QINTER juu kabisa, kabla ya QSPL, kabla ya vichapishi, kabla ya kitu chochote cha kampuni. Kazi zinazohitaji mtandao, kama vile kubadilishana mafaili na benki au kuunganisha na seva nyingine, zisikae ndani ya programu hii hata kidogo. Ziwasilishe kwa SBMJOB kwenda kwenye foleni nyingine, na huko ndiko kazi hiyo ingoje mtandao kwa DLYJOB, ijaribu tena, na hata ikishindwa isimzuie mtu wa ghala kuingia.

Jambo jingine linalosahaulika ni mamlaka. Ukiijaribu programu kwa kuiita wewe mwenyewe ukiwa QSECOFR (wasifu wa msimamizi mkuu), kila kitu kitapita. Ikiitwa kwenye IPL inatumia QPGMR, na amri au maktaba ambayo QPGMR haina ruhusa nayo itarudisha CPF9802. Kwa sababu kosa hilo linaanza na CPF, MONMSG yako italimeza kimya kimya na hutajua kuwa mfumo mdogo wa programu ya mauzo haukuanza. Kukamata kosa kunatosha kuifanya programu iendelee, lakini chini ya kila MONMSG muhimu weka SNDMSG ya kwenda QSYSOPR inayotaja jina la kilichoshindikana.

Mwanzoni mwa programu ninaweka pia mistari hii miwili:

RTVSYSVAL SYSVAL(QABNORMSW) RTNVAR(&MWISHO)
IF COND(&MWISHO *EQ '1') THEN(SNDMSG MSG('Mashine haikuzimwa kwa utaratibu') TOMSGQ(QSYSOPR))

Kigeugeu &MWISHO kitangazwe kuwa herufi moja. Ukipenda, kwa hali hiyo programu isianzishe QBATCH mpaka mtu akague data, ili kazi za usiku zisikimbilie kwenye mafaili ambayo hayajathibitishwa.

Kuipima programu hakuhitaji IPL nzima. Ukiwa kwenye konsoli, nje ya saa za kazi, maliza mifumo midogo yote kwa ENDSBS SBS(*ALL), subiri mashine ifike kwenye hali ya kufungiwa, kisha anzisha mfumo mdogo unaotawala kwa STRSBS. QSTRUPPGM itaitwa na QPGMR kama inavyoitwa kwenye IPL, na utaona inavyotenda.

kisimani alijibu:

Nashukuru kwa maelezo ya Bi Operesheni, sina la kuongeza kwenye programu. Niongelee konsoli, kwa sababu kwa maoni yangu ndilo tatizo kubwa zaidi kwenu. CPA0701 ile ingejibiwa kwa herufi moja na watumiaji wangeingia muda huohuo, kama mngekuwa na konsoli inayopatikana. Konsoli haihitaji QINTER. Inaingilia kwenye mfumo mdogo unaotawala, kwa hiyo iko hai hata pale ambapo programu ya kuwashia imekwama kwenye mstari wa kwanza.

Konsoli ya mtandao inapita kwenye kadi ya mtandao ya mashine bila kuitegemea TCP/IP ya mfumo wa uendeshaji. Zana za huduma, yaani programu za kusimamia mashine zilizo chini ya mfumo wa uendeshaji, zina anwani yao wenyewe na zinaamka mapema, kabla mfumo wa uendeshaji haujapakiwa. Kwa hiyo udhaifu wenu uko nje ya mashine: swichi ya ofisi, umeme wa ukutani, na kompyuta ambayo mtu ni lazima aende kuiwasha. Viondoe vyote vitatu. Tenga mlango mmoja wa kadi kwa ajili ya konsoli tu, vuta waya moja kwa moja hadi kwenye kompyuta iliyo chumba kimoja na mashine, au pitisha kwenye swichi ndogo isiyounganishwa na mtandao mwingine, na vyote vilishwe na UPS ileile ya mashine. Anwani ziwe za kudumu pande zote mbili, kwa maana seva inayogawa anwani inaweza kuwa bado inawaka. Kompyuta hiyo iwe na akaunti yake ya ndani, isisubiri seva ya ofisi iidhinishe mtu kuingia.

Pia tofautisha hali mbili za paneli. Mashine ikiwa kwenye hali ya Normal, kukosekana kwa konsoli hakuizuii IPL kuendelea, na ndiyo maana yenu inafika mwisho hata kama kompyuta ile imezimwa. Ikiwa kwenye Manual, au ukiwa unawasha kwa aina D kutoka kwenye tepu au diski ya kusomea, itasimama na kuingoja konsoli, huku paneli ikionyesha msimbo unaoanza na A600500. Mtu anayeona msimbo huo kwa mara ya kwanza hudhani mashine imeharibika, kumbe inamwita tu. Misimbo inayoanza na C6 inaonyesha hatua za msimbo wa ndani wenye leseni, na inayoanza na C9 inaonyesha kuwa mfumo wa uendeshaji wenyewe umeanza kupakiwa. Hiyo C9 iacheni iendelee, hata kama inachukua muda. Kuikatiza ndiko kunakoleta hasara.

Sasa nenosiri, ambalo kwangu lina uzito kuliko waya. Zana za huduma zina vitambulisho vyake, vilivyotengana kabisa na wasifu za mfumo wa uendeshaji, ingawa jina QSECOFR liko pande zote mbili. Nimeshuhudia sehemu ambako aliyekuwa akijua nenosiri la upande wa zana za huduma alihama, na hakuna aliyegundua mpaka siku konsoli ilipolitaka. Fungua zana hizo (SST) leo kwa amri ya STRSST, mpe kila msimamizi kitambulisho chake, na QSECOFR wa zana za huduma aandikwe kwenye bahasha iliyofungwa ndani ya kabati la chuma la mkurugenzi. Akisahaulika mmoja, mwingine anaweza kumwokoa: QSECOFR wa mfumo wa uendeshaji anaweza kumrudisha mwenzake kwenye nenosiri la awali kwa CHGDSTPWD PASSWORD(*DEFAULT), na QSECOFR wa zana za huduma (DST) anaweza kulirudisha la mfumo wa uendeshaji. Wakisahaulika wote wawili mtajikuta mnasakinisha mfumo upya.

Mwisho, andaa kompyuta mpakato ya pili yenye Access Client Solutions, na kwenye SST ruhusu konsoli moja kuchukuliwa na nyingine. Mtu atakayeichukua lazima kitambulisho chake kiwe na haki hiyo. Kompyuta ya kwanza ikifa katikati ya IPL ya Manual, ya pili inaendelea pale pale.

mtunza_mitambo aliandika:

Nimewaelewa vizuri, ndugu zangu. Nabaki na maswali mawili: la QPWRRSTIPL, na la pili ni je, siku programu ya kuwashia ikiharibika kabisa, kwa mfano mtu akaikusanya upya ikiwa na kitanzi kisichokoma, naiwashaje mashine bila kuipitia?

bi_operesheni alijibu:

Nianze na la pili. Njia ya kawaida ni kuweka Manual, kuwasha, na kwenye menyu ya kwanza kuchagua kufanya IPL. Baada ya kuingia, skrini ya chaguo za IPL inakuuliza kama mfumo uanze kwenye hali ya kufungiwa; jibu Y. Programu ya kuwashia haitaitwa, na konsoli peke yake ndiyo itakayokuwa inafanya kazi. Skrini hiyohiyo inakuruhusu kubadilisha thamani za mfumo wakati wa IPL, kwa hiyo unaweza pia kurudisha QSTRUPPGM kuwa QSTRUP ya maktaba ya QSYS, ambayo ndiyo ya asili. Usiifute wala kuihariri QSTRUP hiyo kamwe. Chukua chanzo chake kwa RTVCLSRC, kibadilishe, na ukikusanye kwenye maktaba yenu kwa jina lenu. Kama mashine bado iko hai na unajua kuwa utaiwasha upya, CHGIPLA STRRSTD(*YES) inafanya jambo lilelile bila kugusa paneli.

Kuhusu umeme, mimi ningeiweka QPWRRSTIPL kuwa 0. Katika miji yetu umeme ukirudi mara nyingi hukatika tena muda mfupi baadaye, na mashine iliyojiwasha yenyewe na betri tupu inakatwa tena ikiwa katikati ya kurekebisha data kutoka kwenye kukatika kwa kwanza. Dakika chache za kungoja mtu abonyeze kitufe ni nafuu.

Lakini dawa halisi ni kutokufikia huko. Mnasema betri zinaisha. Maana yake mashine haijui kuwa inatumia betri, au inajua na hakuna anayeisikiliza. UPS ikiunganishwa na mashine kwa waya wa ishara, mfumo unatuma CPF1816 umeme unapokatika na CPF1817 unaporudi, kwenye foleni iliyotajwa katika QUPSMSGQ. Andika programu ndogo inayokaa ikiisikiliza foleni hiyo. Ikipata CPF1816 ingoje muda mliokubaliana kulingana na betri zenu, na kama CPF1817 haijafika, itoe amri ya kuzima, PWRDWNSYS OPTION(*CNTRLD), yenye DELAY (muda wa kungoja kazi ziishe) inayotosha. Ukiwa na programu hiyo, weka QUPSDLYTIM kuwa *NOMAX ili mfumo usikutangulie kwa hesabu yake. Programu hiyo ndiyo kitu kimoja cha kampuni ninachokubali kianzishwe na programu ya kuwashia, mara tu baada ya QINTER.

kisimani alijibu:

Naunga mkono. Niongeze kwenye la paneli tu: muandikieni fundi wa zamu kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya mashine kwamba kazi namba 03 na 08 za paneli haziguswi bila ruhusa ya msimamizi, kwani 03 inaanzisha IPL bila kuzima kwa utaratibu na 08 inakata umeme papo hapo. Aina ya IPL, inayochagua nakala ya msimbo wa ndani itakayotumika, ibaki B kwa matumizi ya kila siku, na A itumike pale ambapo marekebisho yaliyowekwa upande wa B yamezuia kuwaka. Aina C asiichague mtu yeyote isipokuwa kwa maelekezo ya fundi wa IBM.

Tena, kama mlango wa kichakataji cha huduma uko wazi nyuma ya mashine, uunganisheni na ile swichi ndogo ya konsoli. Kupitia ASMI (kurasa za usimamizi za kichakataji hicho) mtaona misimbo ya IPL na kubadilisha hali ya paneli kwa kivinjari, hata mashine ikiwa imezimwa maadamu waya wa umeme umechomekwa. Nenosiri la admin libadilishwe siku hiyohiyo mnapounganisha.

mtunza_mitambo aliandika:

Nimeiondoa STRTCP, QINTER imepanda juu, na jaribio la kutoka kwenye hali ya kufungiwa limepita usiku wa kuamkia Jumapili. Katika kujaribu nimekuta mfumo mdogo wa mauzo ulikuwa unarudisha CPF9802 kwa sababu ya maktaba moja, sawasawa na alivyosema Bi Operesheni. Hadi sasa ulikuwa ukianzishwa kwa mkono kila asubuhi na karani, na sote tulidhani ndivyo ulivyopangwa. Swichi ya konsoli na waya wa ishara wa UPS vimeshaombewa fedha. Nikishavifunga nitarudi na swali la muda wa DELAY, maana kazi zetu za kufunga siku huwa ndefu mwisho wa mwezi.